Nafundisha uchumi chuoni, PhD imekwama, na wamama wa mwaloni bado wananipigia simu

Shikamoo Mama,

Naomba usitaje jina langu wala chuo changu maana hii idara yetu ni ndogo na watu wanasoma sana hizi safu. Mi ni kijana wa miaka 34, nina mke na mtoto mmoja, ni mhadhiri msaidizi wa uchumi kwenye chuo kimoja cha serikali hapa Tanzania. Nilibakishwa kama TA (msaidizi wa kufundisha) baada ya digrii ya kwanza (GPA ilikuwa nzuri, ile ya 3.8 na kuendelea wanayoitaka), nikasoma masta nikapanda, sa hivi nimesajiliwa PhD hapahapa kwetu mwaka wa tatu huu na ukweli ni kwamba bado nahangaika na propozo.

Shida yangu Mama ni kwamba nimegawanyika vipande. Muhula huu nina kozi tatu, moja ni maikro ya mwaka wa kwanza ina wanafunzi zaidi ya 500, ukumbi hautoshi wengine wanasikiliza wakiwa dirishani, kila kozi test mbili, yaani rundo moja la karatasi halijaisha lingine lishaingia ofisini, na wiki za mitihani ya mwisho ndo usiseme. PhD supavaiza amenipa mada ya mfumuko wa bei na kiwango cha kubadilisha fedha, data za mwaka hadi mwaka, kila nikifungua lile faili nasinzia. Si mada mbaya ila ishaandikwa na watu wengi sana na mimi sina la kuongeza.

Afu kuna wamama. Masta yangu niliifanyia kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Victoria upande wa Mara, karibu na kwa wazazi, kwa wamama wanaonunua dagaa kwenye boti wanawaanika wanawauza. Siku ya kwanza mmoja aliniuliza na wewe ni wale wa kujaza karatasi mnaondoka hamrudi? Nikaona aibu, nikaahidi nitarudi, na kweli kila likizo nikienda nyumbani napita. Wana kikoba, nimewasaidia kuandika katiba yao, nimewafundisha kuweka vitabu. Wengi wako kwenye mikopo ya kausha damu, mtu anachukua 200,000 anarudisha 26,000 kila wiki kwa wiki kumi. Nikawapangia punje za mahindi kwenye mkeka, kila punje elfu kumi, tukawa tunatoa mtaji kila wiki ili waone deni linapungua lakini riba inabaki ileile mpaka mwisho, mama mmoja akasema kumbe wiki ya tisa nalipia hela ambayo sina. Na wanalipa kila Jumatatu iwe mvua iwe jua, hata zile wiki za mbalamwezi ambazo boti haziingii ziwani na dagaa hamna, marejesho yako palepale.

Sasa mkuu wa idara ameniambia waziwazi hayo mambo ya vikoba ni mazuri lakini hayakupandishi cheo, leta machapisho. Mwenzangu mmoja ofisini ana "fursa", tuchange watu wanne tulipie jarida dola 150, makala inatoka ndani ya wiki na majina yote yanakaa. Mke wangu naye anasema wenzako wanapiga konsaltansi wamejenga, wewe unaenda kuhesabu mahindi na wauza dagaa. Na wale wamama sasa wanataka niwe mlezi wa kikoba na niwe mmoja wa wanaosaini benki.

Niache kipi Mama? Maana vyote siviwezi, nimechoka.

Mtoto wako wa mwaloni

* * *

Marahaba mwanangu, pole na kazi.

Nimeisoma barua yako jioni nikairudia asubuhi na kuna sentensi moja umeiandika kwa haraka ukaipita kama huioni, ndo maana nataka nianze nayo kabla sijafika kwa mkeo na mkuu wako wa idara. Umesema wiki za mbalamwezi dagaa hamna ila marejesho yako palepale. Mwanangu, hiyo ndo PhD yako. Imekaa kwenye barua ya kuomba ushauri wakati wewe unasinzia kwenye mfumuko wa bei.

Ngoja nikuelezee kwa nini naisema kwa uhakika hivyo, mi nimestaafu lakini nimesimamia tasnifu za uchumi miaka mingi na najua mada inayobeba mtu mpaka mwisho inafananaje. Dagaa anavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa hazimvuti, boti zinapumzika, hilo kila mtoto wa mwaloni analijua. Sasa kwa mchumi hiyo ni zawadi, maana kipato cha hao wamama kinapanda na kushuka kwa kitu ambacho hakuna mkopeshaji wala mwanasiasa wala mama mwenyewe anayeweza kukisogeza hata siku moja. Sisi shida yetu kubwa siku zote ni kujua kipi kimesababisha kipi, mama amekopa kwa sababu kipato kilishuka au kipato kilishuka kwa sababu marejesho yamemla mtaji? Christina Paxson mwaka 1992 alitumia mvua kule Thailand kuangalia wakulima wanafanyaje na akiba yao kipato kikitikisika kwa muda. Wewe una mwezi.

Na mwezi una utamu wake kuliko mvua. Mvua hakuna anayejua itakuja lini lakini mbalamwezi iko kwenye kalenda, mama anajua kabisa wiki ijayo hamna dagaa. Vitabu tunavyowafundishia hao watoto wako 500 vinasema mtu akijua kipato kitashuka anaweka akiba mapema anavuka. Sasa mbona wanakopa kausha damu? Hela inachukuliwa na waume? Hakuna pa kuiweka isiguswe, maana sanduku la kikoba linafunguliwa kwa utaratibu wake? Au wale wenye vichanja na stoo kavu wanakausha vizuri wanaficha magunia, wanauza wiki ya mbalamwezi bei ikiwa juu, na wale wanaoanika mchangani dagaa wao wanaishia kuwa chakula cha kuku hawana cha kusubiria? Mi sijui jibu, na wewe hujui, na hicho ndo kigezo changu cha mada nzuri, watu wawili waliosoma uchumi hawajui na muuza dagaa ana mawazo yake tayari.

Kuna kazi ya Kolkata ya Erica Field, Rohini Pande na wenzao, ilitoka 2013, waliwapa baadhi ya wakopaji miezi miwili ya kupumua kabla ya kuanza marejesho badala ya ile kawaida ya wiki mbili. Waliopumua wakawekeza zaidi kwenye biashara na baadaye faida yao ikawa kubwa, ila na wasiolipa nao wakaongezeka. Umeona hapo? Jibu halikuwa la upande mmoja. Wewe unaweza kuuliza je marejesho ya mkopo wa dagaa yakifuata mbalamwezi badala ya Jumatatu inakuwaje. Hata bila kufanya jaribio lolote, daftari za kikoba zenye tarehe za kukopa na kurejesha ukizilinganisha na kalenda ya mbalamwezi ni sura nzima ya tasnifu.

Sasa supavaiza. Usiende kwake na malalamiko kwamba mada yako inaboa, hakuna profesa anayependa kusikia hivyo. Nenda na kurasa mbili, swali ni nini, data zitatoka wapi, nani ameshaandika karibu na hapo, na kwa nini unaweza kumaliza. Bahati yako iko hapa, kwa sababu bado uko kwenye propozo kubadilisha mada leo ni bei rahisi, ungekuwa umeshakusanya data ningekwambia nyamaza umalize hiyohiyo. Kama yeye ni mtu wa makro na maswala ya kaya si eneo lake mwombe muongeze msimamizi wa pili, ni jambo la kawaida wala hatajisikia vibaya ukilisema kwa adabu.

Hela ya utafiti isikutishe sana. AERC, ule muungano wa utafiti wa uchumi Afrika pale Nairobi, wapo tangu 1988 kazi yao ni hiyo, kuwalea wachumi wa Afrika, tangu 2002 wana programu ya PhD ya pamoja na vyuo, na ruzuku zao za utafiti zinakuja na warsha ambapo unasimama unawasilisha watu wanakuchana mpaka unatamani kukimbia, ila ukitoka hapo kazi yako ni nyingine. REPOA ya Dar nayo inafanya utafiti wa umaskini na maendeleo tangu miaka ya 90, fuatilia matangazo yao. Data za kuanzia ziko bure, ile panel ya kaya ya NBS (ofisi ya takwimu ya taifa, inarudi kwa kaya zilezile) inakusanywa kwa awamu tangu 2008/09 na mtu yeyote anaipakua, haitakupa mwalo wako lakini itakupa picha ya nchi kuhusu mikopo na vipato. Na usisingizie huna leseni ya Stata ya kuchambulia data, jifunze programu ya R ni bure.

Nije kwa mkuu wako wa idara. Amekosea na amepatia. Kwenye karatasi za ajira yako kazi ni tatu, kufundisha, utafiti na huduma kwa jamii, ila kamati ya vyeo ikikaa macho yanaenda kwenye machapisho na tathmini za ufundishaji, hiyo ya tatu inapewa aya moja. Hilo si siri. Kwa hiyo kikoba kama kikoba hakitakupandisha, lakini unachokijua kwa sababu ya kikoba ndo kinaweza, na yeye hajakionyeshwa bado. Marehemu Profesa Benno Ndulu alifundisha Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), akaja kuongoza AERC, na kuanzia 2008 mpaka 2018 akawa gavana wa Benki Kuu yetu, yaani alipofika mezani pa kuamua alikuwa na miaka ya utafiti nyuma yake. Si kila mtu atakuwa gavana, na si lazima (Profesa Lipumba, mchumi pia, yeye siasa ikambeba, hiyo ni safari nyingine kabisa), ila usikubali kuambiwa utafiti na jamii ni vitu viwili.

Cha kumwambia mkuu wa idara ni kuhusu mzigo wa kufundisha, na usimwambie kwa mdomo kwenye korido. Andika barua. Weka namba, kozi tatu, wanafunzi wangapi kila kozi, test ngapi, karatasi ngapi kwa muhula, dakika ngapi kwa karatasi. Ukizidisha mwenyewe utashtuka na yeye atashtuka. Omba ma-TA wawili wa semina za maikro, omba test moja kati ya mbili iwe ya kuchagua jibu, na omba muhula mmoja wa kozi mbili kwa sababu ya PhD. Utapata kimoja au viwili, si vyote. Vyuo vinahitaji watu wenye PhD kwa hiyo unayo hoja, tumia.

Na darasani kwako acha kufundisha maikro kwa mifano ya pizza na baga, unacho cha kwako. Wape watoto ule mkopo. 26,000 mara kumi ni 260,000, mkopeshaji anatangaza riba ya asilimia 30, sawa? Wengi watasema sawa. Waambie mama hakai na 200,000 wiki zote kumi, kila Jumatatu anarudisha 20,000 ya mtaji na 6,000 ya riba, kwa wastani hela anayokuwa nayo ni 110,000 tu. 60,000 juu ya 110,000 ni kama asilimia 55, kwa wiki kumi! Wale wa hesabu nzuri wataitafuta riba ya wiki moja wataikuta imepita kidogo asilimia 5. Mbona nusu ya darasa watakaa kimya, maana nao wamekopa kwenye simu kabla boom (hela ya mkopo wa chuo) halijaingia.

Hiyo ya jarida la dola 150, hapana. Sitaki hata tuijadili sana. Jarida la kweli haliwezi kukuahidi kutoa makala ndani ya wiki moja, kwa sababu kuna mtu lazima aisome aikosoe airudishe, na uchumi ni moja ya fani zinazochelewesha watu kupita kiasi, mwaka mzima unasubiri jibu afu jibu ni hapana. Zamani kulikuwa na orodha ya yule mkutubi wa Colorado, Jeffrey Beall, watu walikuwa wanaangalia kama jarida limo, ilifungwa Januari 2017, siku hizi unakagua mwenyewe. Soma makala mbili tatu zao. Angalia wahariri ni watu wa kweli na wanajua kwamba ni wahariri. Jarida linalochapisha uchumi, upasuaji na uhandisi wa barabara kwenye toleo moja likimbie. Kuna majarida ya Afrika mengi ya heshima kwenye AJOL, ule mtandao wa majarida ya Afrika, kuna Tanzanian Economic Review ya pale Mlimani, anzia huko na kipande cha masta yako ambacho umekikalia. Na jina lako kukaa kwenye makala ambayo hukuandika, siku kamati ikikuuliza umefanya nini humo utajibu nini? Mwambie mwenzako kwa upole kwamba hela huna. Si uongo.

Mkeo. Mwanangu mkeo hajakosea na wala usije ukamwandikia mtu mwingine barua ya kumsema. Anaona mshahara ule, anaona mtoto anakua, anaona wenzako wana mabati. Umekaa naye chini ukamwambia PhD ikiisha nini kinabadilika? Kwamba kutoka mhadhiri msaidizi kwenda mhadhiri mshahara unapanda, kwamba konsaltansi zenyewe za maana wanaitwa wenye PhD na wewe sa hivi ukienda unaenda kama mbeba madodoso wa mtu? Mwambie kwa tarehe, si kwa "Mungu akijalia". Na chukua konsaltansi moja kwa mwaka, kweli nasema chukua, ipitie chuoni ili isije kukuletea shida, na ikiwezekana iwe ya uvuvi au mikopo midogo ili hata ukiichukua kwa ajili ya hela ikuache na kitu cha kuandika. Ya tatu na ya nne ndo zinaua PhD, nimewaona.

Sasa wamama wako, ambao nahisi ndo umeniandikia kwa ajili yao hasa.

Kusaini benki usikubali hata wakulilie. Siku hela ikipotea, hata kama ni mhasibu wao kakosea, jina litakaloitwa kituoni ni la mwalimu wa chuo. Mlezi pia hapana kwa sasa, kwa sababu ukishakuwa mlezi na papo hapo ni mtafiti wao, hawatakuwa na uhuru wa kukukatalia jambo. Wasaidie wasajiliwe halmashauri, sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 imeviweka vikundi kama hivyo daraja la nne na usajili uko huko, na wakishasajiliwa wanaweza kuomba ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 ya wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Haipatikani kirahisi na ina foleni na maneno mengi, nakubali, ila mtu wa kuwasukumia hilo ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, analipwa kwa kazi hiyo. Mtambulishe kwao, kaa nao kikao kimoja, toka.

Halafu hizo daftari. Si zako. Ulivyowasaidia kuziandika haikufanyi uwe na haki ya kuzipiga picha ukazipeleka kwenye tasnifu. Pitia chuoni upate kibali cha utafiti, barua ya mkoa na wilaya, mtendaji wa kijiji, viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi) pale mwaloni, ndipo ukae na kikundi uwaambie nataka kufanya hivi na hivi, majina hayataonekana, na mkikataa bado nitakuja kuwasalimia likizo. Hiyo ya mwisho uiseme na uimaanishe. Kuna mama atakataa daftari lake lisiguswe kwa sababu mumewe hajui kama anakopa, muache na usimuulize mara ya pili.

Na ukimaliza rudi na karatasi moja ya Kiswahili, uwasomee palepale kwenye mkeka kabla hujaipeleka kwenye kongamano lolote. Watakurekebisha, na utashangaa ni mambo gani uliyaelewa vibaya, mara nyingi ni bei na ni nani anamkopesha nani.

Kingine, si kila unachofanya pale kigeuke makala. Zile punje za mahindi ziache kama zilivyo, huo ulikuwa msaada tu na umefanya kazi yake.

Umeniuliza uache kipi. Acha dola 150, acha saini ya benki, acha mada ya mfumuko wa bei, na konsaltansi ikizidi moja kwa mwaka acha. Darasa, tasnifu na mwalo vibaki lakini kwa miaka miwili mitatu hii tasnifu ikae mbele, mwaloni nenda kwa kazi yake. Barua ya mkuu wa idara iandike wiki hii kabla ratiba ya muhula ujao haijatoka, maana ikishabandikwa ubaoni hakuna atakayeigusa, na zile kurasa mbili za supavaiza ukishaziandika nitumie kwanza nizione, ila weka na kalenda ya mwezi pembeni.

Mama